Laini ya pili isivunje nyumba

Mfanyabiashara wa Arusha akivuka Namanga kuelekea Nairobi, akishagongewa muhuri anabadili laini. Kupiga simu kwa laini ya nyumbani ukiwa ng'ambo kunauma, na wateja wa huko wanataka namba ya kwao. Ni hesabu ya biashara tu. Lakini nyumbani kuna mtu anayepiga saa mbili usiku na kuambiwa namba haipatikani.

Ugomvi huanzia hapo. Mpakani nimeusikia karibu sawa na malalamiko ya ushuru, na ya ushuru mnayajua. Msafiri akirudi, simu inapekuliwa, na laini iliyokutwa ndani ya pochi inageuka ushahidi.

Simu ya mchuuzi haifai kupekuliwa. Imejaa majina kama "Mama Hoho Marikiti", na ujumbe wa "nakusubiri alfajiri, usichelewe" unahusu mzigo wa vitunguu. Anayetafuta kosa humo atalipata.

Bora namba ya ng'ambo ijulikane nyumbani kabla ya safari, na saa ya kuzungumza ipangwe, soko likishafungwa. Nawe uliye safarini, saa hiyo achana na kundi la WhatsApp la bei. Mwenzako anasikia ukiitikia "enhe, enhe" huku unamwandikia mteja.

Namba ya siri ya pesa za simu? Hapo wengi watanipinga. Mimi naona ya biashara ibaki kwa mwenye biashara, ilimradi faida na hasara vyote vinasemwa mezani.