Daftari la Wiki, Jumapili, Februari 10, 2013: Tukishinda, Ni Mazoezi

Tanzania 1, Kamerun 0. Sina maelezo. Nimeandika tu niione ikiwa juu ya ukurasa.

*

Utani wa Simba Wasiofugika, yaani Kamerun, na watu wa Yanga naujua. Nimeusikia kwenye daladala, ofisini, kwa kinyozi na msibani. Msinitumie tena.

*

Bungeni Dodoma, Jumatatu, hoja ya maji ya Dar es Salaam ilizimwa na waheshimiwa wakazomeana hadharani. Jumatano kule uwanjani Temeke kulikuwa na kelele zaidi, lakini walau kulikuwa na refa. Maji nayo yalikuwepo, ya chupa, ya kununua.

*

Sasa tuongee. Alhamisi asubuhi, sauti bado hazijarudi kooni, nafungua redio nakuta wachambuzi wananitaka nishushe pumzi. Ni mechi ya kirafiki tu, wanasema. Haina pointi, haina kombe, wageni walikuja kunyoosha miguu. Asubuhi yote wimbo ni huo, wakibadilishana zamu kuuimba.

Naomba turudi nyuma kidogo. Juni 2010 Brazil walikuja hapa kabla ya Kombe la Dunia Afrika Kusini, wakatuchapa 5–1. Ile nayo ilikuwa ya kirafiki, na simkumbuki mtu aliyesema ni ya kirafiki tu. Nakumbuka tulivyoambiwa hatuna misingi, hatuna soka la vijana, hatujui hata kula. Bao letu la Jabir Aziz lilifunikwa na maombolezo. Januari ya mwaka huohuo Ivory Coast walikuja kupasha misuli kabla ya kwenda Angola, Drogba akafunga moja, wakapanda ndege. Nalo tulilililia. Kwa hesabu za wachambuzi wetu, mechi ya kirafiki tukifungwa ni mechi, tukishinda ni mazoezi. Ukiwasikiliza kwa muda mrefu utaamini kwamba Taifa Stars haijawahi kumshinda mtu, imewahi tu kukutana na watu waliochoka.

Desemba iliyopita tuliwafunga Zambia, bingwa wa Afrika aliyekuwa na kombe lake kabatini, kwa bao la Mrisho Ngassa. Tukaambiwa akili za Zambia zilikuwa zimeshatangulia Afrika Kusini, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Haya, Zambia wamekwenda Afrika Kusini na akili zao zote. Wametoka sare na Ethiopia, sare na Nigeria, sare na Burkina Faso, wakarudi nyumbani kwenye hatua ya makundi. Kule hakuna aliyewafunga. Temeke walifungwa. Sikumsikia mchambuzi akirudi kwenye kipaza sauti kutuomba radhi.

Kuna upande wa hoja yao ninaoukubali. Hadi 2013 Kamerun walikuwa wamechukua Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne, 1984, 1988, 2000 na 2002, lakini Jumatano walikuwa na nafasi ya kuja Dar es Salaam kwa sababu moja: Cape Verde waliwatoa kwenye mchujo. Siku hiyohiyo tuliyocheza nao, wenzao walikuwa Durban na Nelspruit kwenye nusu fainali. Na sisi tulikuwa na nafasi kwa sababu tulitolewa na Msumbiji kwa matuta kule Maputo, Juni mwaka jana. Kwa hiyo zilikutana timu mbili ambazo hazikualikwa harusini, zikachezea uani huku ngoma ya ndani ikisikika. Kweli kabisa. Ila Jean-Paul Akono, aliyekaa kwenye benchi la wageni, ndiye aliyewapa Kamerun dhahabu ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Mtu wa namna hiyo haji mpaka hapa kutalii Kigamboni.

Mimi nilikaa viti vya kijani. Nyuma yangu wazee wawili na redio yao ndogo. Mechi iko mbele ya macho, redio iko sikioni, na nikagundua kwamba wanaiamini redio. Mtangazaji akisema ni kona, wanakubali ni kona. Mbele yangu kijana wa jezi ya Yanga, pembeni yake kijana wa jezi nyekundu ya Simba wa Msimbazi, na kati yao kiti kitupu ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia.

Anayetaka kuijua nchi hii aende akasikilize jukwaa wakati Stars inacheza. Mpira ukimfika mchezaji, kabla hajautuliza, watu wameshauliza ni wa klabu gani. Kelvin Yondani akigusa, watu wa Simba wanakumbuka kwamba mwaka jana aliwahama. Kaseja akidaka vizuri, upande mmoja unapiga makofi na upande wa pili unakumbuka mambo ya zamani. Ngassa yeye ana bahati ya pekee: akiwa Azam aliibusu jezi ya Yanga mbele ya watu, akapelekwa Simba kwa mkopo, hivyo sasa ana deni kila upande na anaweza kuzomewa na uwanja mzima bila ubaguzi. Nani anabaki salama? Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Mwaka huu wa 2013 wanakula na kulala Lubumbashi, kwa TP Mazembe, na Jumapili hawamfungi mtu wa hapa. Mchezaji wa timu ya taifa anayependwa na Watanzania wote ni yule aliyeondoka. Hata hivyo Simba wanasema Samatta ni wa kwao, walimuuza wao, na Mbagala wanajibu kwamba kabla ya Simba palikuwa na Mbagala.

Kuanzia dakika ya 75 watu wakaanza kunyanyuka. Hili linaniudhi kila siku na nimeliandika mpaka mhariri amenisihi nipumzike. Daladala za Gongo la Mboto hazisubiri, najua. Kesho ni kazi, najua. Lakini umelipa tiketi ya dakika 90, umepigwa jua, umekanyagwa getini, halafu unawaachia wenzako robo saa nzima ya mwisho bure. Mzee mmoja aliyekuwa ameanza kushuka ngazi aligeuka akatutangazia sisi tuliobaki: "Hapa hakuna bao, wanangu. Kaeni mlale."

Dakika ya 89, Samatta.

Sitalieleza bao, mmeshaonyeshwa. Nitaeleza ngazi. Ngazi zote za viti vya kijani ziligeuka. Watu waliokuwa wanashuka walianza kupanda kwa kasi ambayo Stars hawakuifikia jioni nzima, wanauliza "Nani? Nani kafunga?" na hakuna anayewajibu kwa sababu kila mtu amemkumbatia mtu. Kijana wa Yanga na kijana wa Msimbazi walikumbatiana juu ya kile kiti kitupu, wakarukaruka, wakatazamana, wakaachiana haraka, kila mmoja akijikung'uta jezi. Wazee wangu wa redio walingoja mtangazaji athibitishe, kisha nao wakasimama. Mama mmoja muuza karanga alirusha beseni, karanga zikatuangukia, na watu wakamchangia papo hapo. Yule mzee aliyetutaka tulale alirudi akiwa anahema, na dogo mmoja akamuuliza kwa adabu zote: "Shikamoo babu, ulikuwa unawahi wapi?"

Kufikia Alhamisi mchana sijakutana na mtu hata mmoja aliyetoka uwanjani mapema. Wote walibaki. Wote waliliona. Wengine walilitabiri.

Machi 24 wanakuja Moroko, na ile ina pointi. Kwenye kundi letu Ivory Coast wana 4, sisi 3, Moroko 2, Gambia 1, na anayeongoza kundi ndiye anayesonga mbele kuitafuta Brazil 2014. Mtaani kwetu watu wameshapanga nani atakwenda Rio na nani atabaki kulinda nyumba. Mimi siwakatazi. Wanaotaka tuitunze furaha mpaka Machi wanasahau kwamba mwaka jana tuliitunza mpaka Maputo, na tukarudi nayo ikiwa imeoza.

*

Njia ya kwenda uwanjani inapita Chang'ombe, na mimi bado huwa nanyamaza tukifika pale. Patrick Mafisango, mchezaji wa Simba, alifia barabara ile, Mei mwaka jana, alfajiri, siku chache tu baada ya kuwafunga Yanga bao moja katika yale matano ya Simba. Alizaliwa Kongo, akaichezea Rwanda, na Dar es Salaam ikamlilia kama mtoto wake wa kumzaa. Watu wa Yanga walikuwepo kwenye msiba. Tuliweza kumpokea Mnyarwanda kwa mikono miwili. Kijana wa Morogoro aliyevaa bendera yetu tunamzomea kwa ajili ya klabu anayoichezea Jumapili.

*

King'amuzi. Tangu usiku wa Desemba 31 walipoizima analojia hapa Dar, mimi na kifaa hiki hatujaelewana. Mwanzoni kilidai kadi, kikapewa. Kikadai antena nyingine, ikapatikana. Sasa kinaonyesha chaneli zote za mahubiri kwa ung'avu wa ajabu, na kila ukifika kwenye mpira, picha inakatika vipande vya rangi, mchezaji ana kichwa kwenye goti. Nilikokinunua wananiambia kosa ni la mti wa jirani. Dodoma na Tanga mmezimiwa juzi. Poleni, na muangalie miti.

*

Kwa hiyo nusu fainali ya Burkina Faso na Ghana niliitazamia kibanda umiza, nimebanwa katikati ya vijana waliokuwa wanakula miwa. Refa Slim Jedidi akampa Jonathan Pitroipa wa Burkina Faso kadi ya pili kwa kujiangusha, wakati kila mwenye macho pale bandani, na wa kwenye miwa, aliona ameangushwa. CAF wameifuta kadi. Burkina Faso walishinda kwa matuta, vinginevyo hiyo kadi wangeifutia makaburini.

*

Wanaoiita nyasi ya Uwanja wa Uhuru shamba la bibi waitazame ile ya Nelspruit. Lile ni shamba la bibi aliyehamia ufukweni.

*

Mwaka 2013 timu ya taifa ilikuwa ikidhaminiwa na bia. Waliotangulia nao walikuwa bia, wakisaidiana na benki. Tukifungwa watu wanakunywa, tukishinda watu wanakunywa. Sijui biashara nyingine isiyo na hasara kama hiyo.

*

Tulikuwa na Poulsen, Jan, Mdenmaki. Akaondoka. Tukapewa Poulsen, Kim, Mdenmaki, si ndugu yake. Huyu wa pili nampenda, alianza na vijana wetu wadogo, anawajua kwa majina na anawapa nafasi. Swali langu ni lilelile la kila mwaka, na wasomaji wa zamani waliruke: lini kocha mzalendo atapewa timu kwa mkataba wa maana na mshahara wa maana, badala ya kuitwa kushikilia kwa muda huku mgeni akisubiriwa uwanja wa ndege? Usiku huu Stephen Keshi, mzalendo wa kwao, anaiongoza Nigeria kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Alilibeba kombe hili akiwa mchezaji mwaka 1994. Shirikisho lake halimwamini hata kidogo, magazeti ya kwao yamemsulubu mwezi mzima, na yuko fainali.

*

Hadi 2013, mara pekee tuliyokuwa tumecheza fainali za mataifa ya Afrika ni Lagos, 1980. Benchi alikuwapo Joel Bendera, mzalendo, pamoja na Mpolandi. Nahodha alikuwa Leodegar Tenga. Tulifungwa na Nigeria 3–1, Juma Mkambi akitupatia letu, tukafungwa na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast. Sare moja. Miaka 33 tunaisimulia hiyo sare.

*

Na Tenga huyohuyo ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la soka, TFF, mwaka 2013, na alikuwa hagombei tena. Waliotaka kiti chake walikuwa wengi ghafla tangu Jumatano jioni. Kabla ya dakika ya 89 walikuwa wanalaumu.

*

Kesho wagombea urais wa Kenya wanasimama pamoja jukwaani kujibu maswali mbele ya televisheni. Majirani zetu hawa wana mambo.

*

Mpwa wangu wa darasa la tatu ameniuliza kama Kamerun sasa ni wadogo kuliko sisi. Nimemwambia ndiyo. Baba yake amekasirika, anasema namharibia mtoto. Mtoto ana maisha mazima ya kuwasikiliza wachambuzi, mwache apumue wiki moja.

*

Utabiri wa fainali: Nigeria 1, Burkina Faso 0. Nitakuwa kibanda umiza, benchi la nyuma, na mtu wa miwa asikae karibu yangu.