Mwacheni DJ Aseme

Kuna watu wakisikia sauti ya DJ juu ya filamu wanakunja uso kama wameonja maziwa yaliyoharibika. Shemeji yangu ni mmoja wao. Sikukuu ya Idi iliyopita tulikuwa sebuleni kwa mama, Mwanza, na mdogo wangu akachomeka flashi yenye Coming to America iliyotafsiriwa. Hazikufika dakika tano, shemeji akaomba itolewe. Alisema ile si tafsiri, ni kelele. DJ anaongeza maneno yasiyokuwepo, anacheka kabla ya watazamaji, anamharibia Eddie Murphy kazi yake. Asiyejua Kiingereza asome maandishi ya chini.

Tukaweka ile ya Kiingereza. Maandishi ya chini nayo yalikuwa ya Kiingereza. Mama alivumilia kidogo, kisha akainuka akisema anakwenda kuangalia chungu cha pilau. Pilau tulishaila.

Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya sikukuu. Sasa sikukuu imekwisha.

Hoja ya kwamba DJ anaharibu filamu hutolewa na mtu ambaye filamu hiyo ilikuwa yake tangu mwanzo. Amesoma, Kiingereza kinamwingia bila jasho, anajua kinyozi yule mropokaji na yule mzee wa Kizungu anayebishana naye ni Eddie Murphy huyohuyo kajipaka vipodozi. Kwake DJ ni mtu wa tatu aliyeingia chumbani bila hodi. Kwa mama yangu, DJ ndiye aliyefungua mlango. Na komedi ndiyo inayoumia zaidi ukikosa mtu wa kuifikisha. Msiba unaeleweka hata ukizima sauti, mtu akilia analia. Kichekesho kina saa yake. Ukimaliza kusoma mstari wa chini, mchekeshaji ameshageuka, wenzako wameshacheka, na wewe unacheka kwa adabu tu. King Majuto hakuhitaji DJ kwetu, maana alikuwa anatuchekesha kwa jinsi ya kukaa tu kwenye kiti. Lakini mpeleke Majuto Ufaransa na maandishi ya chini, uone kama watapata hata nusu yake. Watahitaji Mfaransa mwenye mdomo.

Mimi filamu nilizijulia kwenye banda la video, lile ambalo wengine waliliita kibanda umiza, na jina lilistahili, kwa sababu mabenchi yalikuwa mbao tupu. Titanic ilitufikia kwa mkanda uliochakaa, picha inacheza upande mmoja. Mtafsiri wetu alikaa kwenye stuli kando ya deki, maikrofoni mkononi. Alikuwa muongo, nakubali. Leonardo DiCaprio alipewa jina la kijana mmoja wa mtaani aliyependa watoto wa matajiri, na kila akitokea banda zima linamwita kwa jina hilo. Mchumba wa Rose aliitwa Mzee wa Mahari. Tulicheka saa nzima kwenye filamu ambayo, nilikuja kujua baadaye, watu wengine duniani waliiangalia wakiwa na leso.

Kisha meli ikagonga barafu. Akatueleza kwamba ile barafu ni mlima, sehemu kubwa imejificha chini ya maji. Akatueleza mashua. Titanic ilikuwa na mashua 20, zenye nafasi ya nusu tu ya watu waliokuwemo. Tukafika pale abiria wa daraja la tatu wanapokuta mageti ya chuma yamefungwa, nao wanayatikisa na kupiga kelele. Hapo yule bwana alisema neno moja: Bukoba. Baada ya hapo hakusema tena. Aliweka maikrofoni mapajani akakaa kama sisi.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa ndani yake. Makaburi yao yako Igoma. Kwenye yale mabenchi walikuwemo waliokuwa wamezika. Hakuna maandishi ya chini ambayo yangeandika neno lile, kwa sababu James Cameron hakuliandika. Na shemeji, kwa kanuni yake, angesema pale mtafsiri aliongeza jambo ambalo halimo. Ni kweli. Halimo.

Mwishoni alituachia wimbo wa Celine Dion mpaka mkanda ukakwama. Wimbo wenyewe siupendi hata leo, ile filimbi ya mwanzo inanikera kama mbu. Lakini sikumwona mtu aliyesimama.

Watu wanadhani jambo hili ni la uswahilini, la watu wasio na shule. Japani, enzi za filamu bubu, walikuwepo benshi. Walisimama kando ya skrini wakisimulia na kuigiza sauti za wote, na wapo watazamaji waliochagua ukumbi kwa jina la benshi badala ya jina la mwigizaji. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Kwetu alikuwepo Lufufu, ambaye jina lake tu juu ya kasha liliuza mkanda. Wakenya wana DJ Afro. Na Waganda, ambao mtafsiri wao humwita VJ, walifanya ujanja mzuri kuliko wote: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyopigwa Wakaliga, Kampala, kwa fedha za mfukoni, ilizunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie akiropoka kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Wazungu wakaipenda, na waliyempenda zaidi ni huyo mropokaji. Nangoja kusikia shemeji akiwaambia wameharibiwa filamu.

Sasa niseme na mabaya, maana yapo. Wako maDJ wavivu, wenye matusi matatu wanayoyarudia kwa kila mwanamke anayepita kwenye kioo, na hao hata mimi nawazima. Na liko la wizi, ambalo linaniuma kwa sababu sina jibu safi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi, na flashi ya mdogo wangu haikumuuliza mwenye kazi yeyote. Mimi huyuhuyu hulalamika wasanii wa Bongo wakiibiwa. Ninachokijua ni kwamba dawa ya wizi ni kumlipa mwenye filamu na kumlipa DJ, kwa mkataba, jina lake likatokea kwenye kioo. Tamthilia za Kituruki zinatiwa sauti za Kiswahili kihalali na mama hakosi hata siku moja. Wanaotumia wizi kama sababu ya kumnyamazisha DJ, mara nyingi walikuwa hawamtaki hata kabla ya kuikumbuka sheria.

Mama alirudi kutoka jikoni filamu ikiwa katikati. Alimkuta mwana wa mfalme wa Zamunda anapiga deki kwenye duka la baga, akamuuliza shemeji, maana ndiye aliyekuwa karibu, "Baba, huyu si mtoto wa mfalme? Mbona anadeki?"

"Anatafuta mke, mama. Anataka wa kumpenda yeye, siyo mali."

"Na baba yake anajua?"

"Hajui. Akijua patachimbika. Hebu mwangalie anavyolishika hilo dekio, kama kashika mkia wa nyoka. Huyo hajawahi hata kujifungia viatu."

Mama akacheka, akavuta kiti karibu. Alipofika kinyozi, shemeji alikuwa ameshampa sauti.

"Ongeza sauti, baba," mama akasema. "Sisikii."

Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye rimoti. Mama akamzuia.

"Siyo hiyo. Ya shemeji yako."