Theluji ya Mkebe

Julai iliyopita, saa tatu asubuhi, nilisimama kwenye uwanja wa harusi kule Tigoni nikimwangalia kijana mmoja akipuliza theluji kutoka kwenye mkebe. Alikuwa amevaa jaketi mbili na kofia ya sufu. Pumzi yake ilitoka kama moshi. Ukungu ulikuwa umemeza mashamba ya majani chai yote, hata barabara hukuiona. Na huyu kijana, katikati ya baridi ya kugonganisha meno, alikuwa analipwa atuletee baridi.

Hapo ndipo nilijua tumepotea.

Bibi harusi ni binamu yangu, na mimi nilikuwa katibu wa kamati. Kwa hivyo usidhani naandika nikiwa hakimu. Mimi ni mmoja wa washtakiwa. Kila mchango ulioingia niliuandika, kila pesa iliyotoka niliiona ikitoka, na nilinyamaza kwa sababu hakuna mtu anataka kuitwa mchawi kwenye harusi ya dadake.

Sasa sinyamazi. Harusi ya msimu wa baridi, iliyopangwa kwa wiki chache, inaweza kuwa harusi bora kabisa kwa kijana wa Nairobi. Baridi haina makosa. Haraka haina makosa. Makosa ni yetu, sisi tunaolipia baridi ya watu wengine huku tukiikimbia yetu, na tunaokubali kila mwenye kitu cha kuuza atushikie saa.

Tuanze na hiyo saa.

Binamu yangu ni muuguzi. Mwishoni mwa Mei alipata barua ya kazi Uingereza, aripoti katikati ya Septemba. Yeye na mpenzi wake wakaamua waoane kabla hajapanda ndege. Tarehe ikaangukia Jumamosi ya Julai, wiki 7 mbele. Siku kamati ilipoambiwa, mama mmoja alishika kichwa kama ameletewa habari ya msiba. "Wiki saba? Kwani huyu msichana ana mimba?"

Lakini kuoana kunahitaji muda gani hasa? Fungua Sheria ya Ndoa ya 2014 usome mwenyewe. Kwa ndoa ya serikali, mnatoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 21 na isiyozidi miezi 3. Mnahitaji mashahidi 2. Kwa ndoa ya kimila, pale ambapo mahari ndiyo huthibitisha ndoa, sheria hiyo hiyo inasema kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Wiki 7 ni siku 49. Unaweza kutoa notisi, ungoje siku 21, ugombane na mpenzi wako muahirishe, mrudiane, mtoe notisi upya, mngoje siku 21 zingine, na bado ubaki na wiki nzima ya kutafuta viatu.

Kwa hivyo mtu akikwambia hakuna muda, muulize: muda wa nini?

Nitakwambia ulienda wapi wetu. Wiki ya kwanza tulitafuta jina la grupu ya WhatsApp na picha ya kuweka hapo juu. Wiki ya pili tuligombana kuhusu rangi: nyeupe na fedha, au nyeupe na buluu ya barafu. Wiki ya tatu bibi harusi alituma picha 46 kutoka Pinterest. Misonobari, mishumaa, theluji mpaka kwa dirisha, bwana harusi na koti refu. Hakuna hata picha moja iliyokuwa na mtu ninayemfahamu, au mlima ninaoujua, au chakula ambacho nimewahi kula. Wiki ya nne akaingia mpambaji.

Huyo mpambaji simtaji jina, na sina haja. Wewe pia unamjua. Ni yule anayesema, "Madam, kwa kawaida hii kazi tunapewa miezi sita." Halafu anapumua. Halafu anasema, "Lakini kwa sababu yako, tutajaribu." Hilo neno tutajaribu lilitugharimu shilingi 140,000. Ndani yake kulikuwa na matawi ya plastiki, taa ndogo ndogo, mapazia meupe, na mikebe ya theluji. Nilipouliza kwa nini bei iko juu hivyo, nikajibiwa kwamba ni kazi ya haraka. Siku ya harusi niliona vitambulisho kwenye yale matawi. Yalikuwa mali ya Krismasi, yalikuwa yamelala stoo tangu Januari. Haraka gani hiyo?

Wazee husema haraka haraka haina baraka. Mimi nimegundua kuna watu haraka yako ndiyo baraka yao.

Na sasa hiyo ndoto yenyewe. Tunaambiwa kwamba gauni jeupe kwenye msimu wa baridi ni ndoto ya kifalme. Sawa, twende kwa mfalme mwenyewe. Malkia Victoria wa Uingereza ndiye aliyefanya gauni jeupe liwe fasheni ya harusi. Aliolewa tarehe 10 Februari 1840, katikati ya baridi yao kabisa. Unajua alipanga kwa muda gani? Alimposa Albert tarehe 15 Oktoba 1839, na ndiyo, yeye ndiye aliposa, kwa sababu hakuna mwanamume angeweza kumposa malkia. Siku 118 kutoka posa hadi kanisani. Harusi ya taifa zima, na haikufika miezi 4.

Na siku yenyewe haikuwa na theluji ya picha. Asubuhi mvua ilinyesha London na upepo ukavuma. Watu walilowa. Hakuna aliyepuliza chochote kutoka kwenye mkebe.

Lakini sikiliza alichovaa. Hariri ya Spitalfields, pale pale London. Kitambaa cha lesi kutoka Devon, kilichosokotwa kwa mikono na wanawake wa huko, wakati lesi ya mashine ilikuwa inawanyang'anya kazi. Kichwani, badala ya taji la almasi, aliweka maua ya mchungwa. Mwanamke aliyekuwa na uwezo wa kuagiza chochote kutoka popote duniani aliamua kuvaa vitu vya kwao ili mafundi wa kwao wale. Hiyo ndiyo harusi tunayodai kuiga. Tumechukua rangi tukaacha akili.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi. Kenya ni kati ya nchi zinazouzia Ulaya maua ya waridi kwa wingi sana. Mwezi wa Desemba au Februari, msichana wa Amsterdam au Berlin akitaka kuolewa wakati bustani yake imeganda, kuna uwezekano mkubwa kwamba waridi lililo mkononi mwake lilikatwa Naivasha na mama fulani aliyeamka saa kumi usiku. Harusi yao ya theluji inasimama kwa maua yetu. Na sisi, ambao Naivasha ni safari ya saa moja na kitu kutoka Limuru, tunaweka mezani matawi ya plastiki na sprei. Wao wananunua joto letu. Sisi tunanunua picha ya baridi yao.

Najua utakachosema. "Wacha watu waote. Maskini pia ana haki ya kitu kizuri." Nakubali, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Binamu yangu alilelewa kwa nyumba ya mabati kule Kiambu, vyumba viwili, watoto watano. Kila Krismasi walikuwa wanaenda kwa jirani kuangalia filamu za kizungu kwenye TV. Aliniambia kitu alichopenda kwenye zile filamu haikuwa theluji. Ni kwamba nje kuna baridi, halafu mlango unafunguliwa, na ndani kuna moto na watu wote wako. Hiyo ndiyo ndoto. Ndoto safi kabisa, sina neno nayo.

Lakini angalia vile biashara ilivyomfanyia. Alikuja na hamu ya joto, akauziwa baridi.

Kwa sababu hivi ndivyo siku ilivyokuwa. Wasichana wanaomsindikiza bibi harusi walivaa gauni za mabega wazi, ngozi imefura vipele vya baridi kama kuku aliyenyonyolewa. Hema lilizibwa pande zote kwa mapazia meupe ili lionekane kama jumba la barafu. Wageni walipoanza kulalamika, mpambaji akaagiza majiko manne ya makaa yaingizwe ndani ya hema lililozibwa. Ndiyo. Kila msimu wa baridi tunasikia kwenye habari familia iliyolala na jiko ndani na haikuamka, kwa sababu ile hewa ya makaa haina harufu wala haipigi kelele. Na sisi tulikuwa tunaitengeneza kwa watu 250, wakiwemo watoto. Ni mjomba mmoja, fundi wa gesi, aliyesimama katikati ya hotuba akaanza kung'oa mapazia kwa mikono yake. Mpambaji alimpigia kelele kwamba anaharibu mapambo. Shosho alikuwa tayari anasema kichwa kinamuuma.

Watu wawili walianza maisha yao siku hiyo, na tungeweza kuwazika wageni kwa sababu ya pazia.

Saa saba jua lilitoka kidogo, kama linavyofanya Limuru likitaka. Theluji ya mkebe ikayeyuka ikateremka juu ya vitambaa vya meza kama povu la kufulia. Na kwa vile pazia lilikuwa limeng'olewa, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakifuata moshi. Nyuma, wapishi walikuwa na moto wa kuni na sufuria tatu za supu ya mbuzi. Nikamkuta binamu yangu pale, ameketi kwa gogo na gauni lake jeupe, shali ya shosho mabegani, anakunywa supu kwa kikombe cha plastiki. Bwana harusi alikuwa anamshikia mkia wa gauni usiingie majivu. Mjomba anasimulia hadithi. Watu wanacheka.

Moto, baridi nje, watu wake wote. Hiyo kona haikuwa kwenye bajeti.

Bajeti ilianza kwa shilingi 450,000. Ikaisha 1,100,000. Michango haikufika hata nusu. Pengo lilizibwa na mkopo kutoka kwa chama cha mama ya bwana harusi, wanawake wanaouza mboga sokoni, miezi 18 ya kulipa. Yeye ndiye mdhamini. Akishindwa, wenzake ndio watamdai, na ni hao hao anaokaa nao kibandani kila asubuhi.

Kwa hivyo kama una wiki 7 na tarehe yako ni Julai, nisikilize mimi katibu. Toa notisi wiki ya kwanza, kwa sababu hizo siku 21 ziko kwenye sheria. Kisha kaa na wazazi wa pande zote wiki ya pili, kabla hujaita kamati, na mkubaliane kiasi mnachoweza kulipa bila mtu kudhamini mtu. Andika idadi ya wageni kabla ya kuandika rangi. Weka ibada karibu na saa sita, ukungu ukiwa umepanda, na ukumbuke kwamba sisi tuko kwenye ikweta: hata katikati ya baridi tuna karibu saa 12 za mwangaza, wakati London mwezi wa Desemba haifiki 8. Huna haja ya mishumaa 300. Nunua waridi Naivasha. Ambia wageni waziwazi waje na masweta na shuka. Tumia pesa ya mapambo kwa supu, chai ya tangawizi na kuni. Moto ukae nje, kwenye hewa. Na yeyote atakayekuambia "kwa kawaida tunapewa miezi sita", mwambie asante, endelea na safari.

Utaitwa mchoyo. Shangazi fulani atasema harusi yako ilikuwa kama ya kijijini. Mwache aseme. Akimaliza kusema hatakusaidia kulipa.

Desemba binamu yangu alinitumia sauti kwa simu kutoka Uingereza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, anangoja basi, na theluji ilikuwa inaanguka, ya kweli. Nikamuuliza ikoje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Inalowesha viatu." Halafu akaniuliza kama ile pesa ya mwezi huu imefika kwa mama mkwe, kwa sababu chama kinakutana Jumamosi.

Ilikuwa imefika. Imebaki miezi 13.