FEDHA ZA MICHORO NAZO NI FEDHA ZA UMMA

Wako watu, na miongoni mwao wamo wenzetu wa chama hiki hiki, ambao wakisikia kwamba Serikali imetenga fedha kwa ajili ya michoro ya daraja, hucheka. Wasema: fedha zote hizo kwa karatasi? Tupeni daraja! Sisi hatucheki. Twasema kwamba fedha za michoro zastahili kutazamwa kwa jicho kali kuliko fedha za saruji na chuma, kwani mchoro ukisha kutiwa sahihi, mahali pa daraja, kimo chake, upana wake na bei yake vimekwisha kukatwa. Yaliyobaki kwa mwananchi ni kulipa.

Ili tusidhaniwe kwamba twasema kwa kubahatisha, tumechagua mfano wa mbali, khabari ya daraja moja la Marekani. Tumelichagua kwa sababu mambo yake yalijadiliwa hadharani miaka mingi, na kwa sababu wenyewe ni matajiri, wenye mainjinia wa kila namna. Hapana awezaye kusema kwamba walikosa ujuzi.

Daraja hilo liko katika mto wa Columbia, mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington. (Washington hii ni jimbo la upande wa magharibi, si mji akaao Rais, na Vancouver iliyo ng'ambo ya mto, kuukabili mji wa Portland, si ile ya Kanada.) Kwa hakika ni madaraja mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1917 na la pili mwaka 1958. Yote mawili yana kipande kinyanyuliwacho ili meli ipite, na kikinyanyuliwa magari hayana budi kusimama. Nayo magari yapitayo hapo kwa siku moja ni zaidi ya 130,000. Nguzo zake zimekaa juu ya magogo yaliyopigiliwa katika mchanga, na nchi yenyewe ni nchi ya zilizala. Mwaka 1700 pwani ile ilipatwa na tetemeko kubwa mno, na wataalamu wasema kwamba litakuja jingine. Basi haja ya daraja jipya haikuwa ya kubuni.

Majimbo yale mawili, yakisaidiwa na Serikali Kuu, yakaanza kupanga na kuchora. Ofisi zikafunguliwa, washauri wakaajiriwa, makabrasha yakajaa makabati. Hata ulipofika mwaka 2014 na kazi ikafungwa, zilikuwa zimekwisha kutumika karibu dola milioni 200. Na daraja? Hapana daraja. Haikusimamishwa hata nguzo moja.

Zilikwenda wapi? Sehemu ilikwenda katika kupima na kuandika, na hiyo hatuikatai. Lakini mwaka 2011 jopo la wataalamu lililoitwa kutazama kazi ile lilisema kwamba aina ya daraja iliyokuwa ikichorwa haijapata kujengwa po pote duniani, na likashauri iachwe. Ikaachwa, ukachukuliwa mtindo mwingine uliozoeleka. Wachoraji, bila ya shaka, walikuwa wamekwisha kupokea chao.

Kubwa kuliko hilo ni khabari ya kimo. Daraja jipya lilikusudiwa lisinyanyuliwe, bali lisimame juu kiasi cha kupitisha vyombo chini yake. Wakalipangia futi 95 kutoka majini. Walinzi wa Pwani, ambao kwa sheria ya Marekani ndio watoao ruhusa ya daraja juu ya njia ya vyombo, wakasema kwamba futi 95 hazitoshi. Huko juu ya mto viko viwanda viundavyo vyuma vikubwa vikubwa na kuviteremsha kwa matishali, navyo visingepita. Ikabidi kurudi mezani na kuchora upya kwa futi 116. Hata hizo hazikumtosha kila mtu, na mwaka 2013 ikapatanwa kwamba viwanda vitatu vilipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 80.

Sisi ni watu wa kisiwa, na hapa hatuna budi kusimama kidogo. Atakaye kujenga kitu juu ya njia ya vyombo, jambo la kwanza la kuulizwa ni mlingoti ulio mrefu kuliko yote upitao hapo una kimo gani. Swali hili halitaki washauri wa kigeni wala mamilioni. Lataka mtu wa kushuka pwani na daftari lake, akazungumze na manahodha na wenye vyombo, akaandika. Fundi wa mlango hukata mbao baada ya kupima, na tangu lini mwenye nyumba akatakiwa kumlipa mara mbili kwa kuwa alikata kwanza?

Yakaja na ya siasa. Michoro ilitia ndani reli ya mjini kutoka Portland, na watu wengi wa upande wa Vancouver hawakuitaka. Wala hawakuutaka ushuru wa kupita darajani. Yalikuwa maneno ya wazi tangu mapema, ila wachoraji waliendelea kuchora kana kwamba hawakuyasikia. Mwezi wa Machi 2013 Oregon ilikubali kutoa dola milioni 450. Washington ilitakiwa itoe kiasi hicho hicho, na mwisho wa Juni mwaka huo Baraza lake la Seneti likafunga kikao bila ya kutoa kitu. Na ajabu yake ni kwamba tarehe 23 Mei 2013, kiasi cha mwezi mmoja kabla, daraja jingine la barabara ile ile, katika mto wa Skagit, lilikuwa limeanguka baada ya lori lenye mzigo mkubwa kuligonga. Watu watatu walitumbukia mtoni na wakaokoka.

Asije mtu akatushika kwa maneno haya akasema kwamba chama chetu chapinga kutoa fedha za michoro. La, hasha! Kukataa nako kuna bei. Fedha za Serikali Kuu zilizotumika katika michoro ile, zipatazo dola milioni 140, zingeweza kudaiwa zirudishwe ikiwa daraja halijengwi, na hiyo ni moja katika sababu zilizoyafanya majimbo yale yafungue ofisi upya mwaka 2019. Mpango wa kwanza ulikuwa ukikadiriwa dola bilioni 3 na ushei. Mwaka 2022 makadirio yalikuwa kati ya bilioni 5 na bilioni 7 na nusu. Na mwaka huo huo Walinzi wa Pwani wakatoa rai yao ya awali kwamba daraja jipya lisipungue futi 178, kama lile la zamani linapokuwa limenyanyuliwa. Swali la mlingoti likawa limerudi pale pale, baada ya miaka kumi.

Tunalolipinga ni kuchora kabla ya kuuliza, na kuuliza kwa siri. Kwetu jambo hili lina ubaya wa ziada, kwani mara nyingi madaraja ya nchi zetu hujengwa kwa mkopo, na aghalabu kampuni huja pamoja na mkopo. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022 ili kulipunguzia mzigo daraja la Selander, lilijengwa kwa mkopo wa Korea, na mjenzi alikuwa kampuni ya Korea. Hatusemi kwamba limejengwa vibaya. Twasema tu kwamba mkopo si zawadi. Ni fedha ya umma ambayo bado haijatoka mifukoni mwetu.

Kwa hiyo fungu la michoro ya daraja lo lote likiletwa Barazani, tunawataka wawakilishi wetu wasicheke, wala wasipitishe kwa kupiga meza. Waulize ni nani aliyeshuka pwani kuuliza manahodha, na majibu yao yako wapi. Waulize udongo umepimwa wapi na kwa kina gani. Waulize wananchi wa pande zote mbili wameulizwa nini kabla ya kalamu kushikwa, na ushuru wa kupita utakuwepo au hautakuwepo. Tena wadai kwamba michoro yote na vipimo vyote viandikwe kuwa ni mali ya Serikali, viwekwe mahali ambapo mwananchi aweza kwenda kuvitazama, hata kama daraja lisipojengwa. Sisi tulio madukani hatulipi hati isiyotaja kilichonunuliwa. Na wakijibiwa kwamba haya ni mambo ya kitaalamu, waombe kuonyeshwa daftari la yule aliyeshuka pwani.