Chuma kisafishacho maji chaweza kuangamiza bakteria wa manufaa

TANGU mwanzoni mwa miaka ya 2000, chembe ndogo mno za chuma zimekuwa zikidungwa ardhini nchini Marekani ili kusafisha maji yaliyochafuliwa na kemikali za viwandani, kama trikloroethilini. Hata hivyo, utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka wa 2008 ulidhihirisha kuwa chembe hizo huua bakteria, hasa pasipo oksijeni. Hali hiyo ndiyo waishimo bakteria wa ardhini wanaovunjavunja sumu iyo hiyo. Baadhi yao huweza kurejea baadaye na kunufaika na haidrojeni itolewayo na chuma kinaposhika kutu. Nchini Uingereza, Royal Society ilipendekeza mwaka wa 2004 matumizi hayo yazuiwe hadi utafiti ufanywe. Tahadhari hiyo ingali na uzito: anayesafisha maji hana budi kuwapima bakteria hao, kabla na baada.