Kukaa na Ndugu Asikiaye Sauti

Mwalimu mmoja ametuletea barua. Mdogo wake, kijana wa miaka 21, asikia sauti za watu asiowaona, asema ya kwamba majirani humtilia sumu chakulani, wala usiku halali. Mwalimu amejadiliana naye kwa hoja na kwa Maandiko, asisadiki. Baba yao mkubwa ashauri afungwe kamba.

Ugonjwa huu matabibu huuita skizofrenia. Humpata mtu mmoja katika watu 300 hivi, na mara nyingi huanza ujanani. Kijana hakurogwa, wala halipi dhambi ya mama yake. Wengine watatutajia yule mtu wa makaburini katika Injili ya Marko. Vema, lakini na waisome habari yote: minyororo alifungwa mara nyingi, nayo haikumponya, na alipopona hakuruhusiwa kuingia chomboni, bali alirudishwa nyumbani kwa jamaa zake. Baba mkubwa na airudishe kamba yake zizini.

Je, jamaa wakae naye namna gani? Mwaka 1972, huko London, George Brown na wenzake walitoa habari za wagonjwa waliotoka hospitali wakarudi kwao. Waliorudi penye makaripio, chuki, au mahangaiko ya kupita kiasi, 58 katika kila 100 waliugua tena ndani ya miezi 9. Waliorudi penye utulivu, 16 tu. Hawakusema kwamba ukali wa jamaa ndio uliozaa ugonjwa, na mama asijitwike mzigo huo. Tena, hata katika nyumba za ukali, waliotumia dawa na wasioshinda kutwa uso kwa uso na jamaa zao walisalimika zaidi. Kwa hiyo mgonjwa na apewe mahali pake pa kukaa peke yake, na mama naye aende kwa dada yake akapumzike.

Makaripio mengi hutokea kwa sababu ya jambo moja: kijana hulala mchana, haogi, haendi shambani, hasemi na mtu. Watu husema, "Mvivu huyu, wazimu ni kisingizio." Sivyo. Kuzimika huko kwa nia ni ugonjwa wenyewe, nako huchelewa kuondoka kuliko sauti. Mpe kazi ndogo: leo mtungi mmoja wa maji, kesho kufagia ua. Hata Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wagonjwa wa akili wamepokewa tangu mwaka 1904, kazi za mikono ni sehemu ya kuwatunza.

Akisema chakula kina sumu, usishindane naye, wala usimdanganye kwamba nawe waiona. Mwambie, "Mimi sioni sumu, ndugu yangu, ila naona una hofu." Kisha kuleni katika sinia moja, nawe uanze.

Hospitali aende upesi. Akitaka kujidhuru au kudhuru mtu, asingojewe hata usiku mmoja. Maombi na yaendelee, na dawa iendelee pamoja nayo, hata akionekana mzima, kwa maana wengi huugua tena kwa kuiacha wakati huo. Asahauye vidonge, ziko sindano za kudungwa kila mwezi. Mkiona usingizi umeanza kumpotea tena, msingoje sauti zirudi.

Mwalimu, tafadhali utuandikie tabibu alivyosema.