Darasa la kwanza, Kiingereza kitangulie mdomoni

Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulipoanza kutumika Januari 2024, Kiingereza kilirudi darasa la kwanza. Tangu 2015 madarasa mawili ya mwanzo yaliachiwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na Kiingereza kikawa kinasubiri darasa la tatu. Mzazi wa Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, anayefurahia mabadiliko haya hajakosea. Mwanawe akifika kidato cha kwanza, karibu kila somo litakuwa kwa Kiingereza, na mtihani atakaofanya ni ule ule wa aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza.

Kwa hiyo tusigombanie kuanza mapema. Tuulizane mtoto aanze na nini: mdomo au penseli?

Fungua daftari lake. Kwa Kiswahili, aliyekwisha kushika ba, be, bi, bo, bu huandika jina la kijiji chake bila kumuuliza mtu. Kipindi kinachofuata, *a* ile ile inasomeka hivi katika *cat* na vile katika *cake*. Akiandika "buku" badala ya *book*, au "kapu" badala ya *cup*, ametumia kanuni aliyofundishwa asubuhi hiyo hiyo, tena ameitumia sawasawa. Akipigwa mkasi wa wino mwekundu bila maelezo, anaondoka na somo moja tu: kunakili ubaoni ni salama kuliko kuandika cha kwake. Ndiyo maana utakuta mwandiko mzuri, vema zimejaa, lakini mwenye daftari hawezi kukusomea alichoandika.

Wapo pia wanaofika shuleni wakitoka nyumba zinazozungumza Kimwera, Kimakua au Kiyao. Hao Kiswahili cha darasani chenyewe bado wanakizoea.

Wapo watakaosema kwamba kuchelewesha maandishi ya Kiingereza ni kumwacha nyuma mtoto wa kijijini. Hofu hiyo ina msingi, ila inasahau kwamba kuandika hujifunzwa mara moja. Mtoto akishajua kwamba sauti hushikwa na herufi, maneno huachiana nafasi, na wazo lina mwanzo na mwisho, ujuzi huo huhama naye kwenda lugha nyingine. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea kwa miaka mingi kwamba kuifanya lugha iwe ya kufundishia si sawa na kuifundisha vizuri. Ndivyo ilivyo pia kwa kuianza mapema.

Mtaala hauhitaji kufutwa. Kipindi cha Kiingereza cha madarasa mawili ya kwanza kiwe cha nyimbo, amri, maswali na majina ya vitu ambavyo watoto wanaviona: mkorosho, ufuta, ndoo, mbuzi. Mkono ubaki kwenye Kiswahili: achore mkorosho wa babu yake, ausimulie, kisha aandike sentensi yake mwenyewe. Sentensi za Kiingereza zije darasa la tatu, zikiwa za maneno anayoyasema tayari. Nacho Chuo cha Ualimu Nachingwea kiwazoeze walimu wanafunzi kusoma kosa la mtoto kabla ya kulikata.

Wakaguzi na wazazi nao waache kupima Kiingereza cha darasa la kwanza kwa wingi wa kurasa. Wamuulize mtoto swali, wasikilize anavyojibu.